Samaki Ambaye Hakuna Aliyembeba

Ziwa Nakuru halikuwa na samaki. Wageni wakija kututembelea hapa Kiamunyi huona vigumu kuliamini hilo, maana wamewaona ndege mwari wakielea kule chini kwa mamia, na kila mtu anajua mwari hali nyasi. Lakini aliyechunga ng'ombe kando ya ziwa hilo miaka ya 1930 alijua vyema: heroe walikuwapo, viboko walikuwapo penye chemchemi, magadi yalikuwapo ya kutosha kuufanya ufuo mzima kuwa mweupe, samaki hapana. Samaki aliletwa. Watu walimbeba kutoka kusini kabisa mwa Bonde la Ufa la Kenya, na mwari wakamfuata.

Mimi hufuga samaki nyumbani, kwenye matangi ya kioo, na nimefanya hivyo kwa miaka mingi. Sisemi wale wekundu wa dukani, ingawa nao ni wazuri. Nasema samaki wa humu humu kwetu, wa mito na vinamasi vya Kenya. Mtu akiishi na samaki namna hiyo, hatimaye huanza kuuliza ukoo wao: huyu katoka wapi, nani alimleta, kabla yake palikuwa na nani? Nilipoanza kuifuatilia historia ya maziwa yetu nilikuta kitenzi kimoja kikijirudia, nacho ni kubeba. Karibu kila samaki anayevuliwa kati ya Naivasha na Nakuru, yeye au babu zake walifika kwa mkono wa mtu. Kulikuwa na mwenyeji mmoja wa Naivasha ambaye hakuna aliyembeba kwenda popote. Huyo hatunaye tena.

Yapata miaka elfu tisa iliyopita mvua zilikuwa nyingi kuliko leo, na maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, maji yake matamu. Lilijaa hadi likafurika kuelekea kaskazini, upande wa Menengai. Jioni nikitembea kandokando ya barabara iendayo Kabarak hupenda kusimama nitazame bondeni na kuyawazia maji hayo, yakiwa yamepanda mteremko wote ule ambao leo una mabati na miti ya mbao. Kisha mvua zikapungua. Ziwa likakosa pa kutokea, jua likalinyonya, chumvi za ardhi ya volkano zikabaki na kujilimbikiza, na kilichosalia kikawa madimbwi mawili ya magadi. Naivasha lilinusurika kwa sababu nyingine: lina mito miwili ya kulilisha, Malewa na Gilgil, na maji yake hujipenyeza chini kwa chini yakiondoka na chumvi. Ndiyo maana lilibaki tamu. Lakini hata hilo lilipitia vipindi vya kukauka vibaya, na kufikia karne ya 20 samaki wa asili aliyejulikana ziwani humo alikuwa wa aina moja tu.

Alikuwa mdogo. Hakufika urefu wa kidole. Wataalamu walimweka katika jenasi ya Aplocheilichthys, wakamlinganisha na antinorii wa Ethiopia, na wengine baadaye wakaona kwamba pengine alikuwa spishi ya peke yake ambayo haijapewa jina. Jamaa zake ninawafahamu. Ni samaki wa makundi, wanaokaa karibu na uso wa maji penye majani, na juu ya jicho wana alama inayoakisi mwanga, hata kundi zima likigeuka unaona nukta za buluu zikiwaka na kuzimika kwa pamoja. Hakuwa samaki wa kutia sufuriani. Hakuna aliyemvua, hakuna aliyemuuza, na nadhani hapo ndipo msiba wake ulipoanzia, kwa kuwa asiyeuzwa hahesabiwi.

Mwaka 1925 walimwaga Naivasha perege kutoka upande wa mto Athi, yule aitwaye Oreochromis spilurus niger. Mwaka 1929 akafuata mgeni wa mbali zaidi, Micropterus salmoides wa Amerika ya Kaskazini, ambaye tutamwita besi. Walowezi walimtaka kwa ajili ya ndoana: ni samaki mwenye nguvu, hurukia chambo, hupigana, na mtu aliyemtoa majini huwa na la kusimulia. Alipaswa pia kupata chakula, na perege wadogo walikuwapo tayari.

Huyu besi anatoka katika ukoo ambao Wamarekani huuita samaki-jua. Ukoo huo wote ni wa Amerika ya Kaskazini, na besi ndiye jitu lao. Wadogo wake ni samaki wanaotoshea kiganjani, wenye matumbo ya rangi ya chungwa na madoa ya buluu mashavuni, na huko kwao kuna watu wanaowapenda kama ninavyowapenda wa kwetu. Huwavua kwa neti ndogo vijitoni, huwaweka kwenye matangi, huwazalisha, na tangu 1972 wana chama chao cha wafugaji wa samaki wa asili. Tabia yao ya uzazi ni ya kupendeza. Dume huchimba kiota mchangani kwa kupigapiga mkia, jike hutaga na kuondoka, na dume hubaki akipepea mayai kwa mapezi na kufukuza kila kinachokaribia, hata mkono wa mwenye tangi. Besi naye ni baba wa namna hiyo hiyo. Huko nyumbani kwake, ambako kila kiumbe kimekua kikimjua, hilo halina madhara. Naivasha hakuna aliyekuwa akimjua.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1956 waliletwa Tilapia zillii kutoka Ziwa Victoria, na pamoja nao, bila kukusudiwa, akaingia Oreochromis leucostictus. Huyu alizaana na yule perege wa Athi hadi damu ya mwenzake ikamezwa. Kufikia 1971 perege wa 1925 hakuonekana tena ziwani. Uvuvi wa biashara wa nyavu ulifunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1970 wakaingizwa kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, ambao waliyakata na kuyala majani ya majini yaliyokuwa yakificha vitu vidogo. Mwaka 2001 akatokea kapu, yule samaki wa kufukua tope, na miaka michache baadaye yeye ndiye aliyekuwa akijaza mitumbwi ya wavuvi.

Katika msururu huo wa wanaoingia, tafuta mwenyeji. Mara ya mwisho aliporipotiwa ziwani ilikuwa 1962. Hakuna siku iliyotangazwa kuwa ya msiba. Hakuna mvuvi aliyerudi na wavu mtupu akauliza amekwenda wapi. Hesabu ya wataalamu inamwelekea besi, na nadhani hawakosei, ijapokuwa ziwa nalo lilikuwa limeshuka vibaya katika miaka ya 1940 na 1950. Ninachokiona kigumu kukimeza ni udogo wa kile ambacho kingemwokoa. Samaki wa aina ile huishi na kuzaa kwenye tangi la lita 60. Hutaga mayai machache kila siku kwenye majani mororo, nawe huyaondoa kwa vidole ukayaweka kwenye bakuli ili wazazi wasiyale. Nyumba tano zenye watu wavumilivu, Naivasha mjini, Gilgil, Nakuru, zingetosha kuwa naye leo. Katika miaka hiyo matangi ya samaki yalikuwapo nchini, ila ndani yake mlikuwa na samaki wa mbali.

Nakuru mambo yalikwenda kinyume. Huko shida ilikuwa mbu, na dawa iliyopendekezwa ilikuwa samaki wa kula viluwiluwi. Lakini ni samaki gani angeishi kwenye magadi? Maji ya Ziwa Nakuru wakati huo yaliteleza mkononi kama ya sabuni. Perege wa kawaida asingefika kesho humo. Ikabidi atafutwe anayeyajua magadi tangu tumboni, naye alikuwapo Ziwa Magadi, karibu na mpaka wa Tanzania: Alcolapia grahami, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1912. Aliletwa Nakuru mwaka 1953, akaletwa tena 1959, na tena 1962. Tazama tarehe hiyo ya mwisho. Mwaka uleule ambao samaki mdogo wa Naivasha alionekana kwa mara ya mwisho, samaki mdogo wa Magadi alikuwa safarini.

Huyu naye hana ukubwa. Kwao Magadi mara nyingi ni wa kutosha kulala kwenye kiganja. Huishi kwenye chemchemi za pembeni mwa ziwa, mahali ambapo maji hutoka ardhini yakiwa moto mno, kisha hupoa kidogo kidogo yakielekea ziwani, na samaki hukaa pale pale kwenye mpaka wa uvumilivu wao, kwenye joto lipitalo nyuzi 40 za Selsiasi. Usiku hewa ndani ya maji huisha, nao hupanda juu kuvuta pumzi midomo ikiwa nje. Mchana hula mwani uleule wa kijani unaoliwa na heroe.

Lakini ajabu yake kubwa iko ndani ya mwili, na kila anayefuga samaki anapaswa kuijua kwa sababu inagusa kinachoua samaki wengi majumbani. Samaki wa kawaida hutoa taka ya mwili kama amonia, kupitia mashavuni, ikatawanyika majini. Ni njia rahisi isiyomgharimu kitu. Katika maji ya magadi makali kama yale, njia hiyo huziba: amonia haitoki vizuri, na ikibaki mwilini ni sumu. Mwaka 1989 watafiti, mmoja wao akiwa Geoffrey Maloiy wa Nairobi, walichapisha katika jarida la Nature kwamba samaki wa Magadi huigeuza taka yake yote kuwa yurea, kama tufanyavyo binadamu. Samaki anayeishi majini daima, na taka yake ni kama ya mnyama wa nchi kavu! Mama yangu alikuwa na bonge la magadi jikoni la kulainishia maharagwe, na kila nilipoliona baada ya kusoma habari hiyo nilimkumbuka samaki yule anayeishi ndani ya mchuzi wake.

Huko Nakuru samaki huyo alistawi kupita matarajio. Katika muda usiozidi miaka ishirini, ziwa ambalo lilikuwa la mwani na heroe likawa na ngazi mpya ya maisha. Mnandi wakaja, korongo wakaja, tai mla samaki akatafuta mti. Mwari walikuja kwa maelfu, na mwaka 1968 wakaanza kutaga kwenye visiwa vya mawe vya Elmenteita, ambako maji yaliwakinga na fisi na mbweha. Chakula kilikuwa Nakuru. Basi kila siku wazazi walipaa, wakatafuta hewa ya moto inayopanda, wakazunguka juu bila kupiga bawa hadi wakapata urefu wa kutosha kuteleza hadi ziwa la pili, wakajaza vifuko vya mdomo, wakarudi. Ekkehard Vareschi, aliyelichunguza Ziwa Nakuru miaka ya 1970, alionyesha kwamba mwari ndio waliokuwa walaji wakubwa wa samaki wale. Mwaka huohuo wa 1968 Nakuru lilifanywa hifadhi ya taifa, na wengi wa waliokuja kuipiga picha hawakujua kwamba nusu ya uzuri ule ulikuwa umefika kwa vyombo vya maji.

Nimejiuliza kama ni haki kumsifu samaki huyu na kumlaumu besi, wote wawili wakiwa wageni. Nadhani ni haki. Besi alimwagwa penye mwenyeji. Wa Magadi alimwagwa pasipo na samaki yeyote. Hata hivyo wa Magadi alianza kula chakula cha heroe, na hakuna aliyemuuliza heroe.

Desturi ya kukaa na samaki nyumbani ni ya zamani kuliko kioo. Katika kaburi la Nebamun, karani wa Misri aliyeishi yapata miaka 3,400 iliyopita, walichora bustani yenye bwawa la mraba, na majini humo kuna mabata, mayungiyungi na perege, wamechorwa pezi kwa pezi hata huwezi kumkosea. Ni perege wa Nile, ndugu wa hawa wa kwetu. Matangi ya kioo ya watu wa mijini yalianza kuenea Ulaya katika miaka ya 1850, baada ya bustani ya wanyama ya London kufungua nyumba yake ya samaki mwaka 1853. Kutoka hapo meli zikawa zinabeba samaki hai kutoka kila pembe ya dunia.

Mwaka 1902 samaki wadogo kutoka Misri walifika Ujerumani, wakazaa kwenye tangi, na wenye tangi wakaona kitu kilichowastaajabisha: jike hakuyaacha mayai, aliyaokota mdomoni akakaa nayo. Mwaka uliofuata samaki huyo akapewa jina la kisayansi kutokana na hao waliofugwa. Leo anaitwa Pseudocrenilabrus multicolor, na makao yake yanafuata maji ya Nile hadi kwetu. Wale wa Ziwa Victoria na vinamasi vyake walitambuliwa kuwa nusu-spishi yao wenyewe mwaka 1990, na aliyewaeleza ni Lothar Seegers, Mjerumani aliyejishughulisha sana na samaki wadogo wa Afrika Mashariki, na ambaye mwaka 2003, pamoja na Luc De Vos na Daniel Okeyo, alitoa orodha ya samaki wa maji baridi wa Kenya. Orodha hiyo ndiyo ninayoitumia kila nikitaka kujua nimeshika nani.

Yaliyotokea Ziwa Victoria yanajulikana na kila nyumba ya Kisumu. Mbuta, yaani sangara, alianza kumwagwa ziwani mwaka 1954. Kwa miaka mingi alikuwa nadra, kisha katika miaka ya 1980 akalipuka, na fulu, wale samaki wadogo wa mamia ya aina, wakaanza kutoweka kabla hata hawajapewa majina. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilipotea. Lakini huko kulikuwa na watu wenye ndoo. Watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, waliokuwa Mwanza tangu 1977 wakiwahesabu fulu, walichukua baadhi wakiwa hai wakawazalisha kwenye matangi. Marekani nako, Boston na kwingineko, mabustani ya samaki yaligawana aina za kutunza. Zipo aina ambazo kwa miaka mingi sasa zinajulikana kuwa hai ndani ya kioo tu. Na ziwani penyewe, wapo waliojificha. Mbuta hawezi maji yasiyo na hewa, kwa hiyo katikati ya mafunjo, penye maji meusi yaliyosinzia, samaki wadogo wanaojua kuishi na pumzi kidogo walibaki salama. Ziwa Kanyaboli kule Siaya, lililotengwa na kinamasi cha Yala, lilimhifadhi hata ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ambaye Ziwa Victoria lenyewe lilikaribia kumpoteza kabisa.

Kwenye mafunjo ya namna hiyo ndiko walikotoka samaki wangu, wale multicolor wa kuokota mayai mdomoni.

Kabla yao niliua wengi, na sitaki kulificha hilo. Nilianza na vibarbi wa fedha niliowavua kwa kipande cha chandarua kwenye bwawa la shamba upande wa Rongai. Wa kwanza walikufa kwa maji ya mfereji yenye klorini. Nikajifunza kuyaacha maji wazi kwenye karai siku mbili. Wa pili niliwawekea maji ya kisima, yanayonywewa na mtaa mzima, nao wakafa siku ya tano wakiwa wamepauka na kuvuta pumzi kwa haraka. Ilinichukua muda kuelewa. Maji ya chini ya ardhi ya Nakuru yana asili ya magadi, na pia madini ya floridi, yale yanayoyapaka meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Katika maji ya namna hiyo amonia ya samaki huwa sumu kali zaidi kuliko katika maji ya mvua. Samaki wa Magadi ana dawa yake mwilini, kibarbi hana. Dawa ya kibarbi ni bakteria wanaoota taratibu kwenye changarawe na kwenye sponji ya kichujio, nao huhitaji majuma manne hadi sita. Siku hizi tangi langu hukaa hivyo mwezi mzima, nalitilia punje ya chakula kila siku, kabla ya kumwingiza yeyote. Majirani wamezoea kuniona nikilisha maji matupu.

Wale wa kinamasini nilipewa na shemeji yangu wa Kisumu. Aliwavua kwa kikapu kando ya mafunjo, madume mawili na majike matatu, akanipigia simu: "Shemeji, njoo uwachukue wadudu wako." Nilikwenda na mtungi wa lita tano, nikatoboa kifuniko, nikaufunga kwa kanga ili usipate baridi ya Kericho, na nikarudi nao kwenye matatu nikiwa nimeupakata. Kondakta aliuliza kama ni maziwa. Nilipomwambia ni samaki hai aliomba kuona, na abiria wa viti viwili vya mbele wakageuka nao wakachungulia. Kila tulipofika kituo nilifungua kifuniko, nikachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa.

Baada ya miezi miwili dume mmoja alibadilika. Tumbo lake likawa na mng'aro wa dhahabu, mapezi yakapata michirizi ya buluu, na akaanza kuchota mchanga kwa kinywa na kuutema pembeni hadi akapata shimo la ukubwa wa kisosi. Alimtingishia jike mwili mzima. Wakazunguka shimoni, kichwa cha mmoja kwenye mkia wa mwenzake. Jike akadondosha mayai machache ya rangi ya kaki na papo hapo akageuka kuyaokota, kisha akakinyonya kile kidoa chekundu kilicho mwisho wa pezi la chini la dume, ndipo mbegu ilipomfikia mdomoni. Shughuli yote haikumaliza saa moja.

Baada ya hapo alijitenga nyuma ya jiwe. Koo lake lilivimba kama la mtu aliyeficha embe shavuni. Hakula. Nilimdondoshea viluwiluwi vya mbu mbele ya macho, akavitazama, akageuza uso. Kila baada ya muda alitafuna hewa taratibu, na ukikaribia kioo uliweza kuona mayai yakigeuzwageuzwa ndani ili yapate maji safi. Siku ya saba nikaona macho: nukta nyeusi nyingi zikinitazama kupitia ngozi nyembamba ya kidevu chake. Mwili wake ulikuwa umekonda, kichwa kikubwa, mgongo kama kisu.

Siku ya kumi na mbili, jioni, stima ikapotea mtaa mzima. Pampu ya hewa ikanyamaza. Nilichukua jagi na kukaa kando ya tangi na tochi, nikichota na kumimina, kama nilivyofanya ndani ya matatu. Mara jike akatoka nyuma ya jiwe, akafungua kinywa, na wakamwagika: vifaranga kama nzi wadogo, wakasimama majini wote kwa pamoja mbele ya uso wake. Nilisogeza tochi. Akarudi nyuma hatua moja ya samaki, akatingisha mapezi, na wote wakamkimbilia mdomoni kama vumbi linavyoingia kwenye ufagio. Niliwahesabu kesho yake kulipokucha. Walikuwa thelathini na wanne.

Wakati huo maji ya Ziwa Nakuru nayo yalikuwa yakipanda. Tangu 2010 hivi ziwa limepanuka hadi likameza lango la zamani la hifadhi na kuwafukuza watu Mwariki na Barut. Maji yamepungua ukali wa magadi, na sasa perege wa Nile, ambaye zamani asingemaliza siku humo, amekuta makao. Vijana wamekuwa wakiingia kuvua kwa siri, na serikali ikatoa onyo kwamba samaki hao wasiliwe kwa sababu ya madini mazito majini. Magari ya kuwaleta samaki hao sikuyaona yakipita, wala sherehe haikuwapo. Yawezekana mafuriko yaliwatoa kwenye mabwawa ya mashamba, maana tangu serikali ilipoanza mwaka 2009 kuchimba mabwawa ya samaki nchi nzima, perege wa Nile amekuwa nyuma ya nyumba nyingi. Mtoto wa Magadi, aliyebebwa mara tatu kuja hapa, sasa ana mshindani. Bado yuko kwenye chemchemi za moto za Elmenteita, upande wa Kekopey, nami hupita huko kumwangalia nikipata nafasi, bila neti.

Mwezi uliopita mjukuu wa jirani, msichana wa darasa la tano, alikuja na chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa shingo. Amekuwa akichungulia matangi yangu tangu akiwa na miaka sita.

"Guka, mwalimu amesema tulete kitu kilicho hai cha kuangalia darasani."

Tulichagua pamoja sita, wa miezi mitatu, wanaojua kula. Nilimwonyesha namna ya kubadilisha robo ya maji kila juma, maji yaliyolala siku mbili, na nikampa kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio changu ili aanze na bakteria walio hai. Aliuliza kama akiwa mkubwa anaweza kuwapeleka ziwani wakaishi na mwari. Nilimwambia hapana. Nikamwambia wakimchosha, au wakiwa wengi, asiwamwage bwawani, wala mtoni, wala kwenye mtaro wa maji ya mvua. Aniletee mimi, hata ikiwa usiku.

"Hata ukiwa umelala?"

"Gonga tu."

Akaishika chupa kwa mikono miwili, kiganja kimoja juu ya mdomo wake maji yasimwagike, akaondoka akitembea katikati ya barabara ya vumbi, macho kwenye samaki.